Msumeno Uliovuta Kulia

Kila siku akitoka shule, kabla hata ya kuvua viatu, Chiriku alipitia kwanza bandani kuutazama msumeno wa shangazi yake. Jina hilo la ndege hakupewa bure. Alikuwa msichana wa darasa la sita mwenye maswali yasiyokatika, na majirani walisema ua ule una kelele mbili: ya injini na ya Chiriku. Injini angalau huzimwa jioni.

Shangazi alikuwa mkata kuni. Alinunua magogo ya miti migumu, ile ambayo shoka likiigonga hurudi na aibu, akayakata vipande na kuvipasua, kisha akawauzia wenye majiko makubwa. Msumeno wake ulikuwa wa injini, mzito, wenye mnyororo wa meno unaozunguka kwenye bapa refu la chuma. Kuuinua tu kulitaka mtu aliyekula akashiba. Kabla ya kuuwasha, Shangazi alivaa kofia ngumu, miwani, vifunika masikio na suruali nene ya kazi, na Chiriku alitakiwa kukaa kule mlangoni pa jikoni, nyuma ya mstari wa chokaa uliochorwa chini.

"Mashine hii haijui shangazi wala mtoto wa kaka," Shangazi alimwambia siku ya kwanza. "Ukivuka mstari huo nikiwa nakata, utahamia kwa bibi yako siku hiyo hiyo."

Injini ikishazimwa na kupoa, ilikuwa zamu ya Chiriku. Alisugua chujio la hewa kwa brashi, akajaza oili ya mnyororo, akafagia taka za mbao na kuzipeleka kwenye banda la kuku. Huku mikono ikifanya kazi, mdomo nao haukulala. Kwa nini mnyororo una oili yake na injini ina yake? Kwa nini petroli ichanganywe na oili? Kwa nini taka za leo ni kubwa kuliko za juzi?

"Meno makali hutoa maranda," Shangazi alimjibu. "Meno butu hutoa unga. Ukiona unga, zima mashine, shika tupa."

Na kushika tupa ndiyo kazi aliyoipenda Chiriku kuliko zote. Shangazi alikuwa amemfundisha kunoa meno ya mnyororo, jino baada ya jino, akiwa amevaa glavu na waya wa plagi unaopeleka cheche umechomolewa ili injini isiweze kuwaka.

Ijumaa moja jioni, fundi wa mashine wa mtaa ule aliurudisha msumeno. Gogo lilikuwa limeliangukia bapa likapinda, naye alikuwa amelinyoosha. Watu walimwita Fundi Taratibu, kwa kuwa neno hilo lilimtoka kabla ya kila kazi, hata kabla ya kunywa chai.

"Kesho tuna gogo la mwokaji mikate," Shangazi akasema baada ya fundi kuondoka. "Mnyororo umekuwa butu. Unoe, mwanangu, pande zote mbili sawasawa."

Meno ya mnyororo hupangwa kwa zamu: moja limeelekea kulia, linalofuata kushoto. Chiriku aliubana msumeno mezani akaanza na ya kulia. Mkono ulikaa vizuri, tupa ikaimba, meno yakang'aa. Kisha akageukia ya kushoto. Hapo mambo yakawa mengine. Kiwiko kiligonga ukuta, tupa ikateleza, kidole kikauma. Nje, wenzake walikuwa wanaruka kamba na kumwita kwa sauti. Akayapitishia meno ya kushoto tupa juu juu, kama mtu anayemsalimia asiyempenda.

"Umemaliza?" Shangazi aliuliza kutoka jikoni.

"Tayari, Shangazi!" Chiriku akajibu, naye alikuwa ameshafika kwenye kamba.

Asubuhi mwokaji mikate alikuja na pikapu yake. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye unga hadi kwenye nyusi. Alitandika gunia karibu na Chiriku, nyuma ya mstari, akaketi kusubiri kuni zake. Shangazi akauwasha msumeno, akauweka juu ya gogo, ukaanza kuzama.

Ulianza vizuri. Ulipofika katikati ya gogo, ukaanza kuvuta upande wa kulia, polepole, kama ng'ombe aliyeona majani kando ya njia. Kipande cha kwanza kilidondoka kikiwa kimekatwa mshazari. Shangazi alikisimamisha ili akipasue kwa shoka, kikaanguka. Akakisimamisha tena, kikaanguka tena.

"Hicho kimelewa," mwokaji akasema, na Chiriku akacheka.

Kipande cha pili kilikuwa kibaya zaidi. Cha tatu hakikukatika kabisa: msumeno ulipinda ndani ya gogo mpaka ukabanwa. Shangazi akazima injini na kupigilia kabari ili kuunasua. Alipoinuka, jasho lilikuwa linamtiririka na uso umemkunjamana.

"Fundi Taratibu!" akafoka. "Hakulinyoosha bapa huyu. Kalifumbia macho, kanirudishia hivi hivi. Nimempa kazi miaka yote, leo ananifanyia hivi?"

"Kumbe ndivyo alivyo?" mwokaji akashangaa. "Na mimi nilitaka kumpelekea mashine yangu ya kukandia unga. Basi, nitatafuta mwingine."

Fundi alipigiwa simu, akaja na baiskeli yake, amefunga kipande cha kioo nyuma. Hakubishana. Alilifungua bapa, akalilaza juu ya kioo na kuinama kuangalia kama kuna mwanga unaopita chini yake.

"Taratibu, dada. Njoo uone. Limenyooka."

"Basi hata kioo chako kimepinda!" Shangazi akamjibu.

Mwokaji alicheka. Fundi hakucheka. Alilirudisha bapa mahali pake, akafunga kioo chake kwenye baiskeli na kuondoka akiisukuma, wala hakuipanda. Chiriku alimtazama mpaka akapotea kwenye kona. Moyo ulimuuma, lakini kichwa kilikuwa kimeshaanza kuwasha.

Kama bapa limenyooka, nini kinavuta? Na kama limepinda, mbona kioo hakikuonyesha? Akaliangalia lile bapa. Alijua kwamba Shangazi huligeuza juu chini mara kwa mara ili lisiliwe upande mmoja tu.

"Shangazi," akaita, "kama bapa limepinda kuelekea kulia, tukiligeuza juu chini si litakuwa limepinda kuelekea kushoto?"

Shangazi alimtazama. "Ndiyo."

"Basi tuligeuze. Msumeno ukivuta kushoto, kosa ni la Fundi. Ukivuta kulia tena, kosa liko kwingine."

"Mtoto huyu atatuuza sote," mwokaji akasema. Shangazi alikubali shingo upande, akaligeuza bapa, akaukaza mnyororo, akawasha. Chiriku alisimama kwenye mstari wa chokaa, vidole vya miguu vikiugusa.

Msumeno ukazama kwenye gogo. Ukafika katikati. Ukavuta kulia.

"Siyo bapa!" Chiriku akapiga kelele injini ilipozimwa, akirukaruka. "Fundi hana kosa! Kilichobaki ni mnyororo! Ni mnyo..."

Akaacha kuruka. Mnyororo aliunoa nani?

Aliinama kuangalia taka zilizorundikana chini ya gogo. Nusu zilikuwa maranda mazuri, nusu unga. Hakuhitaji tena kuuliza kwa nini. Meno ya kulia yalikuwa makali, yakiula mti na kuuvuta msumeno upande wao. Ya kushoto yalikuwa yanasindikiza tu. Kikulacho ki nguoni mwako, na leo kilikuwa ndani ya glavu zake mwenyewe.

"Mnyororo?" Shangazi akasema, akijifuta jasho. "Mnyororo si uliunoa wewe jana ukasema tayari? Basi Fundi aliugonga na jiwe huko kwake. Nilijua tu ana mkono katika jambo hili."

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa, na Shangazi mwenyewe ndiye aliyeufungua. Chiriku alikuwa na lake moja la kufanya: kunyamaza. Meno angeweza kuyanoa jioni, msumeno ungenyooka, na hakuna ambaye angejua. Ila Fundi angebaki mwongo mbele ya watu. Akakumbuka jinsi alivyoisukuma ile baiskeli. Machozi yakamlengalenga.

"Si Fundi, Shangazi. Ni mimi." Sauti ilitoka ndogo. "Ya kulia niliyanoa. Ya kushoto yalinishinda, mkono ulikuwa haukai. Nikayapitia juu juu, nikakwambia tayari."

Hata kuku walionekana kusikiliza.

Shangazi hakufoka. Aliketi juu ya gogo, akaugeuza mnyororo kwenye mwanga na kuyatazama meno, moja kulia, moja kushoto, kwa muda mrefu.

"Nami sikuangalia," akasema hatimaye. "Nikaenda kumtafuta mchawi kwa jirani. Lete tupa."

Aliugeuza msumeno mzima mezani, upande wa nyuma ukaja mbele, mbali na ukuta. Ghafla meno ya kushoto yakawa yanaelekea mkono wa Chiriku kama yale ya kulia. Ilikuwa rahisi hivyo tu. Chiriku akayanoa yote, na safari hii Shangazi aliyakagua kwa kidole cha glavu kabla ya kuridhika.

Msumeno ulipowashwa tena, ulishuka ndani ya gogo moja kwa moja hadi chini. Maranda makubwa yaliruka, na kipande kikasimama wima peke yake.

"Haya, nipakilie nikawashe tanuri," mwokaji akasema.

"Bado," Shangazi akamkatiza. "Jina la mtu nimelichafua wewe ukisikia. Nitalisafisha wewe ukisikia. Twende sote."

Karakana ya Fundi Taratibu ilikuwa mwisho wa mtaa. Walimkuta ameinama mezani na hakuwasikia wakiingia. Kile kipande cha kioo kilikuwa kimelazwa mbele yake. Alikuwa ameuvuta uzi mwembamba juu yake, kona hadi kona, na alikuwa anauchungulia kwa jicho moja. Akausogeza, akachungulia tena.

Alikuwa anakipima kioo chake. Mtu aliyetegemewa na mtaa mzima alikuwa ameanza kujitilia shaka, kwa sababu ya neno moja la "tayari". Chiriku alipoliona hilo, aibu aliyoisikia ilikuwa kubwa kuliko ile ya uani, na alilia waziwazi.

"Shikamoo, Fundi," akasema huku akijifuta kamasi. "Kioo chako hakijapinda. Mimi ndiye niliyenoa vibaya nikadanganya. Nisamehe."

"Nami nisamehe, kaka," Shangazi akasema. "Nilikuhukumu kabla ya kukagua kazi ya kwangu nyumbani. Bapa ulilinyoosha sawasawa, na huyu bwana wa mikate alisikie hilo."

"Nimelisikia," mwokaji akasema. "Jumatatu nakuletea mashine ya kukandia, Fundi, kama bado unanitaka."

Fundi aliukunja uzi wake taratibu, kama kawaida yake. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Nimesamehe. Ila niambie, ni nani aliyegundua kwamba si bapa?"

"Ni yeye," Shangazi akajibu. "Aliyepotosha ndiye aliyegundua, na aliyegundua ndiye aliyekiri. Angeweza kunyamaza, wala nisingejua."

Kisha akamgeukia Chiriku na kumshika bega.

"Sikiliza, mwanangu. Kuchoka si kosa. Kazi kukushinda si kosa, hata mimi hunishinda. Ungeniambia jana, 'Shangazi, upande huu umenishinda,' ningeugeuza msumeno kwa muda wa kupiga chafya mbili, na leo tusingemwonea mtu. Maswali yako yote nayapenda, lakini neno 'tayari' si la kuchezea. Ukilisema, kuna mtu anakwenda kusimama mbele ya mti akiliamini."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie kwa shangazi yake, hakuwa na swali.