Ukuta Uliofyonza

Ukuta ulianza kulowa Jumatatu, katikati ya kiangazi. Eunike alipoona doa limefika usawa wa goti, aliguna tu, akachukua tambara. Alikuwa amechoka. Mumewe Gidioni alikuwa mlimani na watalii, ng'ombe walisubiri majani, na binti yake Kindness, wa miaka minne, alikuwa na homa isiyosikia dawa.

Fundi Ezra aligonga tofali, akacheka. "Mama Kindness, hii kawaida. Tofali lina vitundu. Maji ya chini yanapanda humo kama mafuta ya taa kwenye utambi."

"Maji gani, fundi, na mfereji umekauka?"

"Ya chini hayaonekani," akasema Ezra, akaaga. Fundi hakosi jibu; dawa ndiyo humshinda.

Jumatano doa lilifika kifuani, likinuka mbege, pombe ya ndizi, iliyochacha. Kindness alikunywa jagi zima na bado midomo ikapasuka, na kila alipoilamba, Eunike, aliyeegemea kitanda bila usingizi siku ya tatu, alisikia ndani ya ukuta kitu kikifyonza taratibu, kama mzee anayemalizia kibuyu, kisha doa likapanda kidole kimoja. Mwanawe alikuwa ananywewa.

Akamwita Bibi Tabitha, shangazi yake Gidioni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Bibi alinusa ukuta. "Hapa palikuwa na masale, mimea ya kuonyesha kaburi. Nani kayang'oa?"

"Gidioni, alipoongeza chumba."

"Kikulacho ki nguoni mwako," alinong'ona bibi. "Pwani wangesema jini. Huyu ni baba yangu. Tulimmwagia mbege kutoka juu. Mmemziba kwa saruji, sasa anafyonza. Vunja sakafu, mwanangu."

Eunike hakuwa na nguvu ya kubishana. Alivunja saruji kwa sururu, akamimina ndoo ya mbege. Udongo ukaimeza. Ya pili, ikamezwa. Ya tatu haikuwapo, na ukuta uliendelea kufyonza.

Akapiga magoti. "Babu, mwache mtoto. Kama kiu haijaisha, chukua kwangu."

Doa likashuka mbele ya macho yao, hadi likaisha. Kindness akafumbua macho. "Mama, nataka ndizi."

Eunike akamkumbatia, akalia kwa furaha, akalia mpaka mabega yakatikisika. Bibi Tabitha alimtazama usoni, akarudi nyuma hatua moja. Halikutoka chozi hata moja.