Bibi wa Kanda ya Arobaini

Mniwie radhi, hadithi hii nitaiharibu. Aliyepatwa nayo ni rafiki yangu, karani wa nyaraka, naye huisimulia akitetemeka. Mimi kwa unene huu siwezi.

Kazi yake ilikuwa kusikiliza kanda ambamo afisa mmoja wa kikoloni aliwarekodi wazee, kisha kuandika walichosema. Mchana huo, hoi bin taaban, akaweka ya arobaini kwenye mashine. Bibi mmoja, kwa lugha ya mama zetu ambayo siku hizi tunaitumia kutukania tu, aliuliza, “Mpo?”

Basi. Afisa hakujua kwamba asipoitikiwa, msimulizi hasimulii. Kanda ikakwaruza tupu hadi mwisho.

Karani akanipigia simu. “Kaka, ndiyo pekee ya lugha yetu, na mkuu kasema zilizo tupu zitupwe leo. Nifanyeje?”

“Mwitikie, bwege wewe! Bibi wa watu kasubiri miaka sabini!” Nikacheka mpaka nikakohoa.

Papo hapo umeme ukakatika. Chumba hakikuwa na dirisha. Giza likamvaa karani kama gunia. Mashine, ambayo hakuwa ameizima, ikazunguka polepole, ikanyamaza. Kwa uchovu tu, akasema kwa lugha ile, “Tupo.”

Kisha gizani, mashine imezimika, mtu akashusha pumzi ndefu.

“Mmechelewa,” akasema bibi. “Na huyo anayecheka, naye yupo?”

Karani akaninong’oneza nikate simu. Lakini mdomo wangu huu hauna breki. Niliitikia.