Mshiriki Namba Arobaini na Moja

Dorim alikuwa akigawa vipeperushi vya utafiti kwenye mlango wa kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Sinchon, Seoul, pale kijana mwenye sweta la kijani alipomgonga, vikaruka vyote hadi miguuni mwa wauza keki za mchele.

"Samahani, dada!"

"Samahani haiokoti karatasi."

Kijana huyo, Wonjun jina lake, akaviokota. Miezi miwili baadaye walikuwa wanakula bakuli moja.

Kosa la Dorim lilikuwa moja tu: mshiriki wa mwisho alipokosa kuja, akamwita mpenzi wake azibe nafasi. Kila mshiriki alijibu maswali yaleyale mara mbili, kwanza ana kwa ana, kisha kwa simu, ili ijulikane wapi watu hudanganya. Akampa Wonjun namba arobaini na moja. Profesa aliyesimamia utafiti alikuwa ameketi kona, mikono kifuani.

"Swali la tisa," alisema Dorim ndani ya koti lake jeupe. "Kuna mtu unayempenda?"

Wonjun alimtazama Profesa. "Hapana."

Kalamu aliyokuwa akiigonga mezani ikamponyoka Dorim. Kuanzia hapo hakupokea simu ya Wonjun hata moja. Akaikubali kazi ya mji wa mbali, Busan, aliyokuwa akiikataa.

Jumamosi, kituo cha Seoul, sanduku lake likiwa tayari limepandishwa kwenye treni ya Busan, majibu ambayo namba arobaini na moja aliyatoa kwa simu yakamfikia. Swali la tisa: *Ndiyo. Anagonga kalamu akiwa na wasiwasi.*

Zilibaki dakika nne. Akampigia.

"Ulinikana mbele ya Profesa!"

"Ningesema ndiyo, angeuliza ni nani. Ungefukuzwa kwa kumwingiza mpenzi wako kwenye utafiti!"

"Kwenye simu wewe ni shujaa. Ana kwa ana je?"

"Geuka."

Wonjun, aliyeambiwa na wenzake Dorim kuhusu treni hiyo, alikuwa amesimama nyuma yake, anahema, sweta limevaliwa nyuma mbele.

"Haya, swali la tisa," Dorim alisema.

Masikio ya Wonjun yakawa mekundu. Abiria walitazama. Kengele ya treni ikalia.

"Ndiyo," alisema, kwa sauti ya kuamsha kituo kizima. "Ni wewe, dada."

"Dada tena?"

"Mpenzi!"

Milango ya treni ikafungwa. Dorim hakuitazama; alikuwa anampigia Profesa, anakiri kila kitu, huku akivumilia ngurumo za mzee. Mwishowe akakata simu.

"Amesema nikufute."

"Kabisa?" Wonjun akauliza.

"Kwenye utafiti tu."

Sanduku lilifika Busan peke yake. Kesho yake walilifuata, wawili.