Taa Juu ya Maji ya Pango

Maisara aliitika "Naam", na hakuna aliyemwita.

Mama yake, Badria, alikuwa jikoni anakuna nazi. Baba mtu, Wakil, alikuwa juu ya kiti anafunga taa mpya juu ya tangi la samaki. Mtoto kasimama mbele ya kioo, kageuza shingo kuyaelekea maji. Wakil akamwambia aache mchezo, ampe bisibisi.

Na huyo Wakil, jamani, alikuwa mtu wa kuambiwa akasikia? Nyumba yao ya Mkunazini ina kiza hata mchana, na yeye kashikilia anataka bustani ndani ya maji. Taa ya kwanza, ya manjano, ilikuwa dhaifu, majani yakanyong'onyea. Ya pili, nyeupe kali, ikaleta utando wa kijani kioo kizima. Muuza taa wa Darajani akamshauri achukue ya wastani, na asiiache ikawaka kutwa. Ila Wakil hakumwambia majani yenyewe kayatoa wapi.

Aliyatoa pangoni, nyuma ya kijiji cha kina Badria, upande wa Paje. Kule anayeteka maji huiacha taa nje, hupiga hodi mlangoni, kisha hushuka kwa kupapasa, awe mkubwa awe mdogo. Ndivyo walivyolelewa. Wakil, mtoto wa mjini, mtaa wa Amani, alicheka. Akawasha tochi ya simu, akashuka nayo mpaka chini, akang'oa majani na kujaza dumu la maji. Badria alimwona akanyamaza, maana aliona haya kumgombeza mumewe mbele ya watu wake.

Taa hiyo mpya, ya tatu, ilipendeza. Majani yakashika, yakatanda. Lakini chumba kikaanza kunuka popo na udongo mbichi, na kila taa ile ikiwashwa Maisara alisugua macho, akauliza mbona magharibi inaingia mapema. Haukupita muda akawa anapapasa ukuta kwenda msalani. Daktari akammulika, akasema macho ni mazima. Wakaizima taa, wakaing'oa na waya wake. Macho hayakurudi, na kutoka ndani ya tangi, kwenye kiza kile, kukawa kunagongwa kioo taratibu, kama kwa kucha, na mtoto akiitika kila mara kwa adabu, kama alivyofunzwa.

Badria alilia, hakujificha. Akampigia simu shangazi yake, Bi Sichana, ndiye anayeliangalia lile pango. Bibi hakugomba. Alisema kila kitu kirudi, maji na majani, mtoto naye aje, na taa isishuke.

Wakaenda alasiri. Bi Sichana akaichukua simu ya Wakil, akaiweka juu ya jiwe mlangoni. Wakil akapiga hodi, wakashuka wanapapasa, Badria kamshika mtoto mkono; wakayamwaga yale maji, yakaingia chini bila kishindo, ile harufu ikapanda ikawajaa kooni, ndipo Maisara akasema polepole, "Mama, huku nnaona," akauchomoa mkono wake akaenda zake ndani zaidi, nyayo zake zinasikika juu ya mawe wala hajikwai, na Badria akawa anapapasa hewa tupu, na Bi Sichana akawavuta wote wawili nje kwa nguvu ambazo mtu wa umri wake hana, akiwanong'oneza kwamba mtoto asifuatwe, aitwe kutoka mlangoni, na aitwe mara moja tu.

"Maisara," Wakil akaita.

"Naam."

"Naam."

Zilikuja mbili, na sauti ni moja.

Aliyetoka ni Maisara, na gauni lake lile lile. Akapanda mawe, akalitazama jua bila kupepesa, akaenda moja kwa moja kwa mama yake. Mwili wake ulikuwa wa baridi. Badria akamkumbatia, akawa analia na kusema anaona, mwanangu anaona, alhamdulillahi.

Kisha wote wakasikia, kule chini, mtoto anaanza kulia. Anamwita baba. Anasema haoni kitu.

Wakil akainama kuichukua simu pale juu ya jiwe. Akamtazama Bi Sichana amwambie la kufanya.

Mkono mdogo wa baridi ukamshika Wakil.

"Baba," akanong'ona yule aliyetoka, "usiwashe taa."