Pingamizi la Bwana Harusi

"Hili ni tangazo la tatu na la mwisho," mchungaji alisema, karatasi mkononi. "Mwenye kujua sababu ya kuizuia ndoa hii, na aseme."

Watu wakageuka kunitazama, wengine wakinikonyeza. Swali hilo huulizwa kutimiza utaratibu tu, hakuna anayelijibu. Harusi ilikuwa Jumamosi, gauni langu tayari limetundikwa nyumbani juu ya mlango wa kabati, na mawazo yangu yalikuwa kwenye viatu ambavyo vilikuwa vinanibana.

Upande wa wanaume mtu akasimama.

"Mimi, mchungaji."

Alikuwa bwana harusi mwenyewe.

Mchungaji alivua miwani, akaivaa tena. "Una pingamizi dhidi ya nani?"

"Dhidi yangu mimi. Sifai kumwoa. Naomba ndoa isimame."

"Sababu?"

"Hiyo ni yangu na Mungu."

Akatoka. Akiwa anatoka aligonga bega kwenye nguzo, na nyuma yangu mama mmoja akamnong'oneza mwenzake kuwa amelewa. Mtu ambaye hajawahi kuonja pombe tangu azaliwe. 

Mtaani kwetu anaitwa Brashi. Mabango yote unayoyaona pale, la kinyozi, la fundi simu, la duka la dawa, ni mkono wake. Hata la saluni yangu. Alikaa siku mbili juu ya ngazi akiandika maneno ambayo angeyamaliza kwa saa mbili, na siku ya pili akaniita Kitana, kwa sababu kitana hakitoki kichwani mwangu. Miezi kumi baadaye akaja nyumbani na wazee wake. Mimi ni msusi, najua kusoma watu kwa nyuma ya vichwa vyao. Huyu nilidhani nimemsoma wote.

Nilimpigia mara kumi na nne. Hakupokea. Nikaandika.

"Pokea simu."

"Una mwingine?"

"Kama yupo nitajie, nimsuke bure, atoke vizuri kwenye picha."

Jibu likaja jioni.

"Sina mwingine na sitakuwa naye. Nisamehe, Kitana. Siku moja utanishukuru."

Nilisoma hayo maneno matatu ya mwisho mpaka yakapoteza maana. Baba yangu alikuwa mlangoni akinitazama.

"Mwanaume anayejipinga mwenyewe kanisani, mwanangu, huyo ana mke mahali."

"Hana, baba."

"Umejuaje?"

Sikujua. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumatano wifi yangu, dada yake Brashi, akaingia saluni bila kubisha hodi. Akakaa kwenye kiti mbele ya kioo.

"Nikusuke nini?" nilimwuliza, sauti kavu.

"Chochote."

Nikaanza. Watu wana tabia moja, wakikaa mbele ya kioo huwa hawaongei na wewe, wanaongea na sura yao. Nilikuwa nimefika katikati ya kichwa alipofungua mdomo.

"Wifi, kaka yangu haoni."

"Haoni nini?"

"Haoni. Jicho la kushoto lilizimika mwaka jana. La kulia limebaki tundu. Anasema ni kama kuchungulia kwenye tundu la ufunguo. Ni presha ya macho. Aliniapisha nisikwambie, na sasa nimevunja kiapo, nitajibu mwenyewe kwa Mungu."

Mikono yangu ilibaki juu, nywele zake vidoleni.

"Hakuna dawa?"

"Kilichopotea hakirudi. Jumatano baada ya wiki mbili wanampasua hilo moja. Upasuaji unaweza kukishika kidogo kilichobaki, au ukakimaliza. Daktari kasema hawezi kungoja zaidi, presha imepanda sana."

Nikakumbuka ukuta wa kanisa. Walimpa kazi ya kuandika juu ya madhabahu, TUPO KWA AJILI YA WENGINE, herufi kubwa za bluu. Alipofika neno la nne, mstari ukaanza kuteremka kama mtu anayeshuka ngazi, na mimi nikamcheka mbele ya wanakwaya. "Brashi, herufi zako zimekunywa nini?" Akacheka na yeye. Kesho yake akasema atamalizia baada ya harusi. Nikakumbuka chai aliyoimimina pembeni ya kikombe, na mashine ya kukaushia nywele aliyoiparamia wiki iliyopita, nami nikamwambia anatembea kama ng'ombe. Yote hayo nilimcheka. Hata mara moja sikumwuliza.

"Wifi, nakuja."

"Na kichwa changu?"

Nilimwacha nusu amesukwa, nusu zimesimama. Naye akainuka akanifuata hivyohivyo mtaa mzima.

Kibanda cha Brashi kinanuka tapentaini. Alikuwa ameinamia bango, uso wake kiganja kimoja tu kutoka kwenye ubao, akijaza herufi polepole. Nilisimama mbele yake hatua tatu, mchana kweupe.

"Nani?" akauliza.

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi ya kumtukana. Yote yakaniishia hapo.

"Ni mimi."

Brashi aliweka brashi chini. "Dada amesema."

"Amesema. Kwa nini si wewe?"

"Ungekubali kuolewa nami hivyohivyo, kwa huruma. Kitana, una miaka ishirini na saba. Utamshika mtu mkono kumpeleka chooni mpaka uzeeke? Nilisali wiki nzima. Nikaona kupenda ni kujitoa, na mimi sina kingine cha kutoa, nikatoa harusi yangu."

"Harusi yako na nani?"

Akafuta vidole kwa kitambaa.

"Kujitoa ni kujitoa wewe, Brashi. Wewe umenitoa mimi. Umenichukua ukanilaza madhabahuni bila hata kuniuliza, halafu umekaa hapa unajihesabia sadaka. Yesu alijitoa mwenyewe. Hakumtoa mtu mwingine huku akilia."

Dada yake, mlangoni na nusu kichwa chake, akasema "Amina" kwa sauti ndogo.

Brashi alikaa juu ya debe la rangi. Alipoongea tena hakuwa anaongea na mimi.

"Tangu nina miaka tisa nilijua nimeumbwa kwa ajili gani. Wenzangu walikuwa wanatafuta, mimi nilijua. Mungu alinipa mkono na jicho. Akilichukua jicho, huu mkono ni wa nini? Mimi nitakuwa wa nini duniani?"

Nilitamani sana kuwa na jibu. Nimekulia kanisani, nimeimba kwaya miaka kumi na moja, na mbele ya swali hilo sikupata hata mstari mmoja. Nikakaa kwenye debe la pili.

"Sijui," nikamwambia. "Ila usiniache nje ya kutokujua kwako."

Alilia kwanza, mimi nikafuata. Jioni hiyo tulikwenda pamoja kwa mchungaji kuondoa pingamizi.

"Nashukuru Mungu," mchungaji alisema. "Lakini utaratibu wetu mnaujua. Pingamizi likishawekwa, hata likiondolewa, matangazo yanaanza upya. Jumapili tatu."

"Hata kama ni pingamizi la kipumbavu?" nikauliza.

"La kipumbavu ndilo huwa linarudi."

Nikahesabu kwa vidole, nikarudia. Jumatano ya upasuaji ilikuwa inakuja kabla ya Jumapili ya tatu. Kama Brashi angekaa kimya siku ile, Jumamosi hii angeniona nikiingia kanisani. Alikuwa ameshahesabu kabla yangu, niliona kwenye taya zake.

"Mchungaji, tuombee kibali," nilimsihi. "Anapasuliwa. Anaweza asinione."

Aliwapigia wakubwa wake mbele yetu. Alieleza, akasihi, akaeleza tena. Kisha akaiweka simu mezani taratibu.

"Wamekataa. Wanasema wakitupa sisi, watawapa wote."

"Basi tuambie, Mungu anataka nini na haya macho?"

Mzee wa watu aliisukuma simu pembeni. "Nimesimama madhabahuni miaka ishirini na miwili, mwanangu. Swali hilo bado linanishinda. Ningekuwa nalijua jibu nisingekuficha."

Nilimheshimu kwa hilo, ingawa halikunisaidia kitu.

Jumanne, siku moja kabla ya upasuaji, nilifunga saluni saa sita mchana. Nikajisuka, nikavaa gauni, nikavaa shela na vile viatu vinavyobana, nikatoka hivyo barabarani. Fundi simu aliacha kazi akatoka kutazama. Mteja wangu mmoja akauliza kama nimeshindwa kungoja. Nikamwambia ndiyo, nimeshindwa.

Nilifungua dirisha na mlango wa kibanda ili jua liingie lote.

"Brashi, nitazame."

Aligeuka na brashi mkononi. Nilijua hawezi kuniona mzima, kwa hiyo nilisimama tuli, naye akaanza chini. Alipiga magoti, akatazama pindo la gauni, kipande baada ya kipande, kama anavyokagua bango kabla ya kulitoa. Akapanda polepole. Mkanda. Mikono. Shanga za kifuani alizihesabu zote, arobaini na mbili, na mimi niliyezishona sikuwahi kuzihesabu. Alipofika usoni akakaa hapo.

"Usilie," akasema. "Unaharibu kidevu."

"Silii."

"Kinatetemeka. Nakiona."

Akanishika kiuno anivute karibu, ndipo nikahisi ubaridi. Rangi. Kiganja kizima cha rangi ya mafuta, ile bluu ya bango la duka la dawa, kwenye gauni jeupe. Alikisogelea akakitazama, akashika kichwa, akakipaka na chenyewe.

"Kitana, nimekumaliza."

Tulicheka mpaka fundi simu akaja kuuliza kuna nini. Nadhani ndiyo mara ya mwisho tuliyocheka bila kuwaza kitu kingine.

Siku tatu baada ya upasuaji daktari alimfungua bandeji. Mimi na wifi tulisimama ukutani. Daktari aliwasha tochi ndogo, akaileta mbele ya jicho.

"Unaiona taa?"

Brashi alisubiri kidogo, mwenye adabu kama kawaida yake.

"Umeshaiwasha?"

Wifi alitoka nje. Daktari akazima, akawasha, akazima, kisha akasema pole, na mimi sikumchukia kwa sababu alisema kama mtu aliyeshindwa na yeye.

Usiniulize nilisali nini njiani. Nilisali neno moja, tafadhali, na nilijua nimechelewa nalo.

 Gari lilipokaribia nyumbani Brashi akasema, "Kesho ndiyo Jumapili ya tatu. Mchungaji atauliza tena."

"Ukisimama, nitakukalisha kwa mkono mbele ya kanisa zima."

"Sijasema nitasimama. Nimesema atauliza."

Kesho yake alikaa benchi letu la pili, upande wa wanawake, na hakuna aliyethubutu kumfukuza. Juu ya madhabahu ukuta ulikuwa bado unasema TUPO KWA AJILI YA, halafu weupe mtupu. Wazee walitaka kuleta mchoraji mwingine. Mchungaji akawaambia waache kwanza.

"Mwenye kujua sababu ya kuizuia ndoa hii, na aseme."

  Brashi alijua sababu, na ilikuwa ileile, tena sasa kubwa zaidi. Angeweza kuitoa na wote wangemwelewa. Nilimsikia akivuta pumzi kama mtu anayetaka kuinuka, na sikumshika. Nilikuwa nimeapa nitamkalisha, lakini mkono wangu haukuwa na nguvu ya kumzuia mtoto.

Akaiachia pumzi. Akabaki amekaa. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

Jumamosi wifi ndiye aliyemwongoza hadi mbele. Mimi niliingia na baba, watu wakisimama, simu zikipiga picha, na bwana harusi akitazama upande usio wangu. Baba alimgeuza taratibu kwa mabega, akauweka mkono wangu ndani ya mkono wake.

Mchungaji alipokuwa akifungua kitabu, Brashi aliinamisha kichwa karibu na shela.

"Kitana. Ile rangi ilitoka?"

Nilikuwa nimeisugua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa tapentaini yake mwenyewe. Mama mkwe alitaka kuifunika kwa ua la kitambaa, nikamkatalia. Nilichukua kiganja chake nikakiweka kiunoni, juu ya kile cha bluu, kidole kwa kidole.

"Haikutoka," nikamwambia.