Dakika Arobaini na Mbili Katika Chumba cha Masikio

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Jumatatu tarehe 14 Septemba 2020, utepe mwekundu kwenye mlango wa chumba cha kupimia masikio ulikuwa umekatwa.

Sethunya aliinama akautazama bila kuugusa. Mkato ulikuwa mmoja, umenyooka kutoka juu hadi chini, kisha utepe ukabandikwa tena kwa uangalifu. Saini yake, aliyoiandika mwezi Aprili nusu juu ya utepe na nusu juu ya mlango, ilikuwa imepishana kwa upana wa ukucha.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo kama kabati la nguo, kuta nene, bila dirisha. Hewa ya aliyekohoa asubuhi ilikuwa bado imo humo mchana. Sethunya, muuguzi kiongozi wa kliniki ya masikio, pua na koo, ndiye aliyekifunga. Ndiye pia aliyewagawa wafanyakazi katika timu mbili, Bluu wiki hii na Kijani wiki ijayo, na akakataza watu wa timu hizo kukutana hata getini. Ugonjwa ukiingia timu moja, nyingine ingebaki kuhudumia watu. Ili asisemwe kwamba anapendelea, alijiweka Bluu. Dokta Lebani, mchumba wake, akamweka Kijani. Miezi mitatu walikuwa hawajaonana ila kwenye simu.

"Chedza!" aliita.

Chedza alikuwa mpimaji wa masikio pekee hospitalini hapo, binti wa miaka ishirini na sita, mcheshi. Alikuja na kikombe cha chai na gwinya moja, andazi la kukaanga, limefungwa kwenye karatasi.

"Dumela, mma," alisalimia.

"Dumela. Nani amefungua chumba chako?"

Chedza aliutazama utepe, kisha sakafu. "Labda panya."

"Panya wa Francistown siku hizi wanakata kwa rula?"

"Sista, wagonjwa wamejaa nje. Tuanze kazi."

Hakuuma lile gwinya. Sethunya aliliona hilo pia, akaliweka akilini.

Saa saba mchana alimpigia Lebani. Simu iliita mara mbili, ikakatwa. Ukaja ujumbe:

"Usipige mpenzi. Andika tu."

"Leo siku ya nane unaniambia niandike. Kuna nini?"

"Nimechoka na simu. Kelele."

"Mimi ndio kelele?"

Ujumbe ulisomwa.

Jumamosi ya wiki hiyo wazee wa kina Lebani walitakiwa kufika kwa kina Sethunya alfajiri kuomba kibuyu cha maji, yaani kumposa. Kibali cha kukusanya watu wanane kilikuwa mkononi mwa Mjomba Gaolathe, kaka wa mama yake Sethunya. Sethunya hakujua ni mwanaume gani anayeposa Jumamosi na kukata simu Jumatatu.

Jioni, akitoka, mlinzi wa geti alimpima joto kama kawaida.

"Thelathini na sita nukta mbili. Mma, Dokta wako vipi hali yake?"

"Dokta wangu? Umemwona wapi? Timu yake ilimaliza Ijumaa."

"Jana alasiri alikuwa hapa. Na yule mdada wa masikio." Mlinzi alishusha sauti, ingawa hakukuwa na mtu karibu. "Walitoka wameshikana. Dokta kamwegemea hivi, kichwa begani, wanatembea polepole kama maharusi. Nikasema labda ni dadake."

"Hana dada."

"Basi mimi sijaona kitu, mma."

"Umeona. Uliwaandika?"

"Jumapili hakuna daftari."

Sethunya alitembea hadi nyumbani bila kukumbuka barabara aliyopita. Alikaa na daftari lake, akaandika anachokijua: utepe, siku nane, begani. Upande wa pili akaandika asichokijua, ukurasa ukajaa. Lebani aliyemjua yeye hakuwahi kumshika hata mkono mbele ya watu. Au huyo hakuwa Lebani, au Sethunya hakuwahi kumjua. Alikosa la tatu.

Jumanne hakuuliza. Jumatano hakuuliza. Chedza naye alipunguza utani, na kila walipopishana kwenye korido alijibana ukutani kama mtu anayepisha jeneza.

Alhamisi, saa nne asubuhi, Chedza alisema hasikii harufu ya spiriti. Saa kumi jioni majibu yalirudi: anao ugonjwa. Dakika sita baadaye maabara ilipiga tena.

"Sista, kuna mwingine wa kwenu. Dokta Lebani, alipimwa jana. Anao."

Mtu mmoja wa Bluu, mtu mmoja wa Kijani, siku moja. Kwa utaratibu alioutunga yeye, jambo hilo halikuwezekana.

Alichukua fomu ya kufuatilia waliokutana. Ilitaka majina, mahali, muda na sababu. Kwanza alimpigia Chedza, ambaye tayari alikuwa amefungiwa wodi ya kutengwa.

"Chedza, nauliza kikazi. Jumapili ulikutana na nani?"

"Sista, nisamehe."

"Sijakuuliza msamaha. Mlikaa muda gani mle ndani?"

"Siwezi kusema mambo ya mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

"Nimesema mgonjwa? Nilitaka kusema mtu."

"Umesema mgonjwa."

"Mma, nakuomba, kamuulize mwenyewe. Niliapa." Akakata.

Sethunya alivaa gauni, glavu mbili, barakoa nene na ngao ya uso. Akakata utepe, safari hii kwa mkono wake, akaacha mlango wazi nusu saa kabla ya kuingia. Ndani mlikuwa na viti viwili, magoti ya wanaovikalia yangegusana. Aliwasha mashine. Ilihifadhi kila kipimo, na kipimo cha mwisho hakikuwa na jina:

13 Septemba. Kuanza saa 9:12 alasiri, kumaliza saa 9:54. Mwanamume. Kuzaliwa 22/11/1986.

Tarehe hiyo aliijua. Mwaka uliopita aliinunulia keki.

Mchoro ulikuwa na mistari miwili. Wa sikio la kulia ulilala juu, pale unapotakiwa kulala. Wa kushoto ulianza chini na kuishia chini kabisa, mahali ambapo mtu hasikii hata lori likipiga honi pembeni yake. Sikio la ndani likifa ghafla namna hiyo hupoteza na mizani ya mwili. Mtu hupepesuka. Humwegemea aliye karibu.

Alikaa kwenye kiti kimojawapo, akasimama haraka alipokumbuka yuko wapi. Akatoka, akavua vifaa kwa mpangilio, akanawa. Kisha akaandika ujumbe:

"Sikio la kushoto tangu lini?"

Dakika nne zikapita.

"Tangu Jumapili ya tarehe 6. Nani kakwambia?"

"Mashine."

Simu ikaita. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku kumi na moja.

"Sethu." Sauti ilikuwa ya kukwaruza, na alikohoa. "Nimeiweka kulia. Nakusikia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliamka halisikii. Nikadhani nta. Nikadhani mafua. Wiki nzima nikapasua watu nikiwa na sikio moja, nikitazama macho ya manesi maana midomo imefunikwa. Halafu kizunguzungu. Dawa yake nimeijua tangu chuoni: wiki mbili zikipita haisaidii sana. Ilibidi nipimwe, na mpimaji ni mmoja, na yuko timu yako."

"Na mimi niko timu hiyohiyo. Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu ungeandika ripoti."

"Ndiyo. Ningeandika."

"Unaona? Wangenitoa chumba cha upasuaji. Kijani haina daktari mwingine. Na wajomba zako wangesikia kabla ya Jumamosi kwamba daktari wa masikio ni kiziwi. Wangecheka hadi wasikike Serowe."

"Ningeandika, rra, halafu ningekupangia saa. Ningetoa ile mashine nje uani, Chedza amevaa kila kitu, wewe umevaa kila kitu, upimwe kwanza ule ugonjwa. Dakika kumi na tano. Wewe ukachukua kisu ukakata utepe wangu, ukamfungia mtoto wa watu kabatini dakika arobaini na mbili."

"Alivaa barakoa."

"Ya kitambaa. Nimeiona kwenye pipa."

Lebani alikohoa tena, kwa muda mrefu. "Mlinzi kakwambia nini?"

"Kwamba mlitoka kama maharusi."

"Sethu, nilikuwa naanguka!"

"Najua sasa. Tangu Jumatatu sikujua. Unajua siku nne ni ngapi?"

Sethunya aliivuta fomu karibu.

"Timu zote mbili zinaingia karantini," aliendelea. "Kliniki inafungwa kesho. Yule mzee wa uvimbe kooni, aliyepangiwa kutobolewa njia ya hewa hapa kesho, anapelekwa Gaborone kwa gari la wagonjwa. Kilomita mia nne na thelathini, anapumulia njia nyembamba kama tundu la sindano."

"Mungu wangu. Atafika?"

"Sijui."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi hii haipo."

"Na sisi?"

"Sijui, Lebani. Nilikuwa nakuchukia kwa kitu ambacho hukufanya. Sasa nimebaki na hasira, sijui niiweke wapi."

"Utaandika jina langu?"

"Nimeshaandika. Kwenye sababu nimeandika 'kupimwa usikivu'. Kuna mtu angeandika lingine."

Mzee alifika Gaborone Ijumaa saa nane mchana akiwa hai, akatobolewa saa tisa. Sethunya alipimwa siku ya saba na ya kumi na nne, hakuwa nao. Chedza alipona, akaanza tena kunusa spiriti na kulalamikia chai ya wodi. Lebani alipona pia. Tarehe 1 Oktoba alipimwa masikio uani, chini ya kivuli cha turubai, kwa dakika kumi na nne. Sikio la kushoto halikurudi. Bodi ya hospitali ilimpa onyo la maandishi na kumsimamisha upasuaji miezi mitatu.

Ijumaa tarehe 2 Oktoba, jioni, Mjomba Gaolathe alimkuta Sethunya jikoni.

"Mwanangu, wazee wa kina Lebani wameleta habari wanakuja kesho. Nifungue geti au nisifungue?"

"Mjomba, sasa hivi ningesema fungua. Leo asubuhi ningesema usifungue."

"Hilo si jibu. Mimi nitakuwa nimesimama pale na kofia mkononi."

"Basi usiwaulize kitu. Wasikilize tu. Kama amewaficha na wao alilonificha mimi, warudi kwao."

"Na kama hajawaficha?"

Sethunya alichukua kibuyu, akakisuuza, akakijaza maji, akakiweka juu ya meza.

Saa kumi na moja na dakika kumi na mbili alfajiri, Jumamosi tarehe 3 Oktoba, wanaume wanne wenye makoti na barakoa walisimama nje ya geti, kila mmoja mbali na mwenzake kwa hatua mbili. Sethunya alisimama nyuma ya dirisha la jikoni, mahali ambapo binti anayeposwa hatakiwi kuonekana.

"Ko ko!" mkubwa wao alibisha hodi.

"Mna shida gani na giza lote hili?" aliuliza Mjomba Gaolathe.

"Tumekuja kuomba kibuyu cha maji, rra. Lakini kijana wetu katuagiza tuanze na maneno mengine, na tusipoyasema turudi nyumbani." Mzee alikohoa kidogo, akajishika barakoa upesi. "Samahani, ni vumbi. Kasema hivi: sikio lake la kushoto halisikii, na halitasikia. Kasema alimficha binti yenu, na watu waliugua kwa sababu ya kuficha huko. Kasema myajue yote mkiwa bado mmefunga geti."

Mjomba Gaolathe aligeuka kutazama dirisha la jikoni.

Sethunya alikuwa ameshakishika kibuyu. Alimpa shangazi yake kupitia mlango wa nyuma, akipeleke getini.

Saa kumi na moja na dakika kumi na tisa, geti lilifunguliwa.