Feni ya Marehemu Laban

Rafiki yangu Muhonja si mtu wa kuzua, na haya yalimpata hapa mtaani Mbotela. Laptopu ya marehemu mumewe, Laban, ilikuwa ikichemka na kuzima, na sauti ya Laban aliyojirekodi ilikuwa imebaki humo tu. Usiku mmoja akaipeleka kwenye kibanda cha fundi Luseno.

"Feni imekabwa na vumbi, mama." Luseno akaichomoa, akaibana kwa kijiti cha meno isizunguke akiisafisha. "Mzee alikuwa analala na hii laptopu?"

"Juu ya blanketi! Na pumu yake hiyo. Nilichoka kumgombeza."

Stima ikapotea. Kibanda hakina dirisha; kukawa giza tititi, redio za majirani zikanyamaza. Muhonja akasikia feni ikianza kuzunguka, polepole, ikipiga filimbi kama kifua cha Laban siku ya mwisho.

"Izime, baba."

"Nizime nini, mama? Feni ninayo mkononi. Kijiti bado kimeibana."